Jinsi mtoto wa marehemu dada yangu alivyoacha kuficha dawa

Baada ya kumzika dada yangu, kila mtu alikuwa na ushauri uleule: "Usimwambie mtoto kuwa ana virusi vya UKIMWI, bado ni mdogo." Majirani hapa Kayole, Nairobi, jamaa wa nyumbani, hata akina mama wa kanisa. Ushauri huo nusura uniulie mtoto.

Alikuja kwangu ana miaka tisa, ameshaambiwa kuwa ARV, dawa za kutuliza virusi hivyo, ni dawa za kifua. Basi kifua kikiwa kizima, za nini? Siku moja nageuza godoro nianike, nakuta vidonge vimesokomezwa kwenye mpasuko wa sponji, vingine vimeanza kumumunyuka. Namuuliza, ananijibu bila wasiwasi: "Lakini anti, mimi sikohoi." Kipimo kilipotoka, virusi vilikuwa vimepanda.

Aliyeniokoa ni mshauri wa kliniki. Alinieleza kuwa tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake, kidogo kidogo kadiri anavyoelewa. Tukaanza na askari: damu yako ina askari wa kukulinda, kuna mdudu anawapiga, dawa inamlaza huyo mdudu. Haondoki, analala tu. Kijana akafikiri, akauliza, "Nisipomeza anaamka?" Anaamka, nikamwambia. Tangu hapo, taarifa ya habari ya saa moja ikianza, yeye mwenyewe huchota maji. Jina la ugonjwa alilisikia baadaye, palepale kliniki, akataka kujua kama ndio uliomuua mamake. Nililia, lakini nilimjibu ukweli. Kipimo cha juzi, virusi havikuonekana.

Dawa ni bure katika hospitali za serikali. Kinachokula pesa ni nauli na chakula. Inua Jamii, ule msaada wa pesa wa serikali, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia nzima. Ukiipata shukuru, ila usiipangie kodi ya nyumba. Na shuleni nilimwambia mwalimu mmoja tu, kwa hiari yangu. Sheria ya HIV ya 2006 hairuhusu mtoto anyimwe nafasi kwa sababu ya virusi, kwa hiyo usiombe shule kwa kunyenyekea.

Mdogo wake hana virusi, lakini ni yatima vilevile, na watu humsahau. Huyo shida yake ni cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki ya mamake na cheti cha kifo nimevitunza kwenye bahasha. Jumatatu narudi kwa chifu kufuata barua.