Kilo 3,080: Siku Nilipolipima Gari Langu

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba gari la safari za porini hukamilika kwa kuongezewa vitu. Kila safari ilipokwisha nilirudi na orodha ya vilivyokosekana, na kabla ya safari iliyofuata vyote vilikuwa vimekwisha kuchomelewa, kufungwa au kupakiwa mahali fulani. Imani hiyo ilivunjika pamoja na bamba la springi ya nyuma, katika njia ya makorongo ambayo wala haikuwa mbaya, tukiwa tunakwenda polepole kuliko mtu anayekimbia. Fundi aliyeingia uvunguni kulitazama hakusema neno juu ya ubora wa springi. Aliuliza tu gari lina uzito gani, nami sikuwa na jibu.

Wiki hiyo nililipeleka kwenye mizani ya malori likiwa katika hali ileile linayosafiria, yaani tangi na mapipa ya maji yamejaa, hema liko juu ya paa, na sisi wawili tumo ndani. Magurudumu ya mbele yalipopanda mizani peke yake yalisoma kilo 1,270, na ya nyuma kilo 1,810. Jumla ni 3,080. Kibati kilichobandikwa na mtengenezaji kwenye fremu ya mlango kinaeleza kwamba gari lote lisizidi kilo 2,950 na ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, isizidi 1,700, kwa hiyo nilikuwa nimevuka mipaka yote miwili bila habari. Anayetaka kufanya hesabu hii kwenye karatasi bila kwenda mizanini ajihadhari, kwa kuwa uzito wa gari tupu hauhesabiwi kwa namna moja kila mahali: kanuni za Ulaya huingiza dereva wa kilo 75 na mafuta ya asilimia 90 ya tangi, ilhali wengine hawamhesabu dereva kabisa.

Ushauri niliopewa na wengi ulikuwa kufunga springi ngumu zaidi. Nilikwisha kufanya hivyo mwaka mmoja kabla, na sasa naona ndiko kulikonidanganya. Springi ngumu huinua mkia wa gari likaonekana limesimama sawa, lakini breki ni zilezile, beringi ni zilezile na chesisi ni ileile, kwa hiyo mzigo haujapungua hata kilo moja, umefichwa tu.

Jambo jingine ambalo sikulifikiria ni mahali mzigo unapokaa. Nyuma kabisa, kwenye bampa la chuma, nilikuwa nimetundika tairi la pili la akiba na madumu mawili ya mafuta, jumla takriban kilo 100 pamoja na vishikizo vyake, umbali wa mita 1.2 nyuma ya ekseli. Gari langu lina mita 3 kati ya ekseli na ekseli. Zidisha 100 kwa 1.2, kisha gawanya kwa 3, nawe utaona kwamba mzigo huo ulikuwa ukiinyanyua ekseli ya mbele kwa kilo 40 na kuibebesha ya nyuma kilo 140. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi kwenye miteremko, hali ambayo mimi, kwa ujinga, nilikuwa nikiisifia.

Basi nilitandika turubai uani, nikatoa kila kitu, na kwa mizani ndogo ya kuning'iniza nikapima kimoja kimoja huku nikiandika katika daftari. Ilinichukua siku nzima. Nilitenga marundo matatu: vilivyotumika kila siku katika safari mbili zilizopita, vilivyotumika mara moja, na ambavyo havikuguswa. Rundo la tatu ndilo lililokuwa kubwa zaidi, na nilipolichungulia niliona kwamba karibu kila kitu ndani yake kilinunuliwa kwa hofu. Kulikuwa na spana za ukubwa usiolingana na nati yoyote ya gari hili. Kulikuwa na majembe mawili. Sanduku la vifaa lilipungua kutoka kilo 41 hadi 14 baada ya kukaa na fundi na kuchagua tu kile ambacho mimi mwenyewe ningeweza kukitumia nikiwa nimelala mchangani. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kabati la mbao lenye droo, nililolijenga kwa mikono yangu na kulionea fahari: kilo 72 likiwa tupu! Mahali pake sasa pana masanduku ya plastiki yaliyofungwa kwa mikanda.

Betri ya asidi ya kilo 31 nayo ilipoisha nguvu niliibadilisha kwa ya lithiamu ya kilo 12. Hiyo ni ghali, na sishauri mtu aanzie hapo. Anzia na vitu ambavyo kuvitoa hakugharimu chochote.

Paa nililitendea kwa ukali zaidi. Keria ya chuma na hema la juu vilikuwa na uzito wa watu wazima wawili, tena mahali ambapo kila mara gari linapoinama pembeni uzito huo huvuta kuelekea bondeni. Tumerudi kwenye hema la ardhini.

Maji sikuyapunguza. Tunachukua lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na lita moja ni kilo moja, hakuna njia ya mkato. Tulichofanya ni kuyashusha yakae sakafuni katikati ya ekseli mbili. Kwa mafuta, nimeacha tabia ya kubeba madumu kwa mazoea. Kipande kirefu zaidi cha safari yetu iliyofuata kilikuwa kilomita 450, na mchangani gari hili hunywa hadi lita 20 kwa kilomita 100, yaani lita 90, wakati tangi linabeba 80. Dumu moja la lita 20 lilitosha, na bado lilibakiza akiba ya lita 10. Zamani ningebeba matatu.

Niliporudi mizanini gari lilisoma kilo 2,835. Mchangani tofauti ilionekana mara moja: tulipopunguza upepo kwenye matairi gari lilipita juu ya mchanga ambao zamani lilikuwa likiuchimba, na vibao vya kujinasulia, vile vinavyowekwa chini ya magurudumu yaliyozama, havikushuka hata mara moja.

Kitu kimoja kimenishinda, nacho ni kikaango cha chuma cha kilo 4.2. Nimekitoa mara mbili, na mara zote mbili nimekikuta kambini kimefungwa ndani ya blanketi la mwenzangu. Sasa kimeandikwa daftarini, katika rundo la vinavyotumika kila siku.