Maneno ya mlangoni

Bibi mmoja alikuja kituoni kwetu cha afya, Pemba, kupima presha siku ya Jumatatu, na nje kulikuwa na foleni ya watu wasiopungua 40.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, bibi. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote, wanakusalimu."

Nikamfunga kitambaa cha mashine, nikapima, nikaandika kwenye daftari, nikampa vidonge vyake vya mwezi. Nikamwambia, "Haya, bibi." Akainuka, akatengeneza buibui lake, akenda hadi mlangoni. Pale akashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia, akageuka nusu. "Haya, mwanangu," akasema, na akabaki amesimama. Nami nikajibu: "Haya bibi, kwaheri. Niitie anayefuata."

Mwezi wa pili hakuja. Wa tatu hakuja. Alipokuja alikuwa ameshikiliwa na binti yake, na binti ndiye aliyesema: mama anatoka damu tangu kabla ya Ramadhani, na siku zake zilikatika miaka mingi. Tulimwandikia aende Unguja. Tulimzika kabla mwaka haujaisha.

Binti yake hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba siku ile mama alitaka kunieleza, ila aliona nina kazi nyingi. Tangu hapo nimekuwa nikiisikiliza ile "haya" yake kichwani, na ndiyo iliyonifanya nianze kuangalia watu wanasema nini, wapi, na kwa utaratibu gani.

Nianze na "sijambo". Kijana aliyetoka chuoni huja kituoni akashangaa: mgonjwa anatetemeka kwa homa, ukimuuliza hujambo anajibu hajambo! Huona kama amedanganywa. Hakudanganywa. Lile neno halikuja kutoa habari ya mwili, limekuja kufungua mlango. Ukipiga hodi ukajibiwa karibu, hujaelezwa kitu kuhusu nyumba, umepewa ruhusa ya kuingia. Mtu mzima wa Pemba hawezi kuanza na ugonjwa wake kabla hajakuuliza wewe, wazee wako na watoto wako. Akianza na ugonjwa, ama yamemzidi ama hakulelewa. Kwa hiyo jibu la "hujambo" siliandiki popote. Nasubiri "ila". "Alhamdulillahi, sijambo, ila..." Hapo ndipo ninaposhika kalamu.

Kwenye mafunzo fulani mkufunzi alitueleza habari za J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, ambaye mwaka 1955 alitoa mihadhara Harvard kuonesha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ndiyo kuyatenda. Nilimwelewa upesi, kwa sababu kila mmoja wetu amekaa kwenye akdi. Walii amesema nimekuozesha, bwana harusi bado hajajibu, watu wote kimya, hata watoto. Akitamka "nimekubali", pale pale ni mume wa mtu. Hakueleza ndoa, ameifunga kwa ulimi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kazi ya Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, ya mwaka 1973. Wao waliangalia namna mazungumzo yanavyofungwa, wakitumia mazungumzo ya Wamarekani yaliyorekodiwa, mengi ya simu, wakaona kwamba watu hawaagani ghafla. Kwanza mmoja hutoa neno dogo lisilobeba mada yoyote, na kazi yake ni kumwachia mwenzake nafasi: kama una jambo hujalitaja, litaje sasa. Mwenzake akirudisha neno kama lile, ndipo zinapokuja kwaheri. Niliposikia hayo machozi yalinilenga. Ile ni "haya" yetu. Bibi alinirudishia "haya" lakini hakuondoka, maana yake nafasi alikuwa bado anaitaka, na mimi nikaifunga kwa kwaheri.

Mkufunzi yule yule alitupa na utafiti wa John Heritage na wenzake, uliotoka mwaka 2007. Madaktari 20 wa familia wa Los Angeles na Pennsylvania walifundishwa kumuuliza mgonjwa swali moja la ziada: kama ana jambo jingine analotaka kulisema. Nusu yao waliuliza kwa neno lenye maana ya "lolote", nusu kwa neno lenye maana ya "fulani". Wagonjwa walikuwa wameshaandika shida zao kabla ya kuingia, kwa hiyo ilijulikana nani ametoka na shida hajaisema. Lile la pili lilipunguza shida zilizobaki moyoni kwa asilimia 78. Lile la "lolote" halikuwa na tofauti ya maana na kutouliza kabisa.

Nililifikiria kwa Kiswahili na nikaona ni kweli tupu. "Lolote" limezoea kukaa na kukataa: sina lolote, hakuna lolote. Ukimuuliza mzee "una tatizo lolote jingine?" kichwa kinatikisika kabla hujamaliza. Na "hakuna jingine, eh?" ni mbaya zaidi, umeshamjibia. Sasa nauliza, "Na neno jingine ulilokuja nalo?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana foleni inakohoa nje na mkono unataka kushika kadi inayofuata.

Hata hivyo wengine hawatalisema wakiwa wamekaa kitini. Hili nilipaswa kulijua tangu nyumbani. Mama yangu, akitembelewa, hamwachi mgeni atoke peke yake. Humsindikiza mpaka kwenye njia. Utotoni nilidhani ni adabu tu. Kumbe mgeni aliyekaa saa nzima ukumbini akizungumzia mvua na karafuu, haja yake huitoa pale njiani, mguu mmoja umeshakwenda: shamba la mirathi, mtoto aliyekimbia skuli, pesa ya kukopa. Wanatembea bega kwa bega, hawatazamani machoni, na aliyekataliwa anaweza kuendelea na safari yake kama hakuomba kitu. Ndiyo sitara yenyewe. Kituoni kwetu hakukuwa na kusindikizana. Tulikuwa na meza, kiti na "anayefuata".

Siku hizi mzee akiinuka nami nainuka. Ni hatua saba mpaka mlangoni, kumi na kitu nikifika barazani. Wenzangu waliona nachelewesha watu, na kweli nachelewesha, lakini sikuacha. Na nimejifunza kwamba maneno ya pale hayaji na "mimi". Huja na "ati" na "mtu". Ati mtu akiona hivi. Kuna jirani yangu ana hivi. Usimuulize "ni wewe?", utamvua nguo mbele ya watu. Unamjibu kuhusu huyo mtu: mwambie aje kesho mapema, kabla watu hawajajaa, anigongee dirisha la nyuma. Na kesho yake dirisha linagongwa.

Alkhamisi iliyopita alikuja mzee mmoja mvuvi, kwa ajili ya kikohozi. Kifua chake kilikuwa safi. Nilimuuliza neno jingine alilokuja nalo, akasema hana. Nikamsindikiza mpaka kwenye mwembe alipoegemeza baskeli yake. Tukazungumza kusi lilivyochafua bahari na pweza walivyoadimika.

"Haya, babu."

"Haya, dokta."

Akashika usukani. Akaikanyaga pedeli kidogo, ikazunguka, akaisimamisha kwa mguu.

"Ati dokta, mtu akiamka mkono mmoja hauna nguvu, hata kikombe hashiki, kisha jioni ukarudi kama kawaida, hicho ni kitu?"

"Ni kitu, babu. Turudi ndani."

Akaiegemeza tena baskeli kwenye mwembe, kwa mkono wa kushoto.