Usiku katika Wodi ya Wagonjwa Mahututi

Katika wodi ya wagonjwa mahututi ninakofanya zamu za usiku, taa huwaka hadi kunakucha, kengele za mashine hazinyamazi, chakula huteremka kupitia mpira wa puani bila kupumzika, na mara nyingi tunawaogesha wagonjwa saa kumi alfajiri ili kazi hiyo isiiangukie zamu ya asubuhi. Mzee mmoja aliyekuwa akipata nafuu baada ya sepsisi, yaani maambukizi yanayosababisha mwili kudhuru viungo vyake, aliniuliza, "Sista, wameshaadhini magharibi?" Ilikuwa saa tisa usiku.

Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la seli linalopokea habari za mwanga kutoka machoni na kuoanisha saa ya mwili katika viungo vyote, ndiyo maana melatonini, homoni ya usiku, hupanda gizani na kotisoli, homoni ya kuamsha mwili, hupanda kunapokaribia kucha. Seli za kinga nazo huifuata saa hiyo. Mnamo 1960 Franz Halberg na wenzake, huko Marekani, waliwadunga panya sumu ya bakteria kwa saa mbalimbali, wakaona kuwa idadi ya waliokufa ilitegemea sana saa ya sindano. Panya huwa macho usiku, kwa hiyo saa zao hatuwezi kuzihamishia kwa binadamu hivihivi.

Hata homa ina saa zake. Joto la mwili hushuka zaidi alfajiri na kupanda jioni, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa na nyuzi 38.3 jioni akapimwa 37.6 alfajiri, sijasadiki kuwa homa imekata; nangoja jioni nyingine.

Kwa wagonjwa wenye sepsisi kali, mara nyingi mpando wa melatonini wa usiku hufifia, na sababu ni mchanganyiko wa ugonjwa wenyewe, dawa za usingizi na mwanga wetu. Wengi wangependa kidonge kimalize jambo hili, lakini jaribio kubwa la Australia lililochapishwa 2022, lenye wagonjwa zaidi ya 800, halikuonyesha kuwa kuwapa melatonini kulipunguza kuchanganyikiwa kama kule kwa yule mzee.

Kwa hiyo mimi hupunguza taa saa nne usiku, hukusanya vipimo na kugeuza mgonjwa viwe kwa mkupuo mmoja inapowezekana, na hufungua mapazia kukicha. Antibayotiki hutolewa kwa saa yake, hata kama ni kumwamsha mtu. Kuogesha ndiko nilikopendekeza kuhamishiwe mchana, na wenzangu wa asubuhi, ambao nao wana raundi ya madaktari ya kuandaa, bado hawajakubali.