Siku moja kwenye meza ya fundi: Windows mpya, mashine inazimika

Saa 2 asubuhi. Kariakoo imeamka zamani. Mteja wa kwanza ni mama mwenye duka la steshenari huko Mbagala, anayechapa barua, CV na mitihani ya shule za jirani. Laptopu ameifunga kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imepigwa Windows, yaani imeingizwa upya, juzi tu. Nikitaka kuprinti inaleta skrini ya bluu, inajizima, inajiwasha. Wateja wananikimbia. Nipigie nyingine."

Ombi hilo nalisikia sana tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wamehamia Windows 11 kwa wingi, wengine kwa haraka. Lakini sipigi Windows juu ya Windows kabla sijajua tatizo. Kama kuna kifaa kibovu ndani, Windows mpya itaanguka vilevile, na mama wa watu atakuwa amelipa mara mbili.

"Mama, siku ile inapigwa Windows, fundi aligusa kitu gani kingine?"

Akafikiri kidogo. "Aliongeza RAM. Ilikuwa na GB 4, akasema Windows 11 inataka zaidi, akaweka nyingine ya 4."

RAM ni kile kipande ambamo mashine huweka kazi inayoendelea.

Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. GB 4 ndicho kima cha chini cha Windows 11, na kwa kazi zake 8 zinatosha. Ila sasa najua pa kuanzia. Swali hilo huniokolea muda kuliko programu yoyote niliyo nayo, kwa sababu siku ya kupiga Windows ndiyo siku ambayo watu hubadilisha diski, huongeza RAM, hugusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Baadaye lawama zote zinaishia kwa Windows.

Saa 3. Kwanza nanakili kazi zake zote kwenye diski ya nje. Mashine isiyotabirika haichunguzwi huku mitihani ya watoto ikiwa ndani. Naipima diski kwa programu ya CrystalDiskInfo: iko salama, hakuna sekta zilizohamishwa kwa ubovu.

Kisha nazima ile sehemu inayoifanya mashine ijiwashe yenyewe baada ya kuanguka. Wengi hawaijui, na inawanyima ushahidi, maana skrini ya bluu inapita kabla hujaisoma. Nafungua folda ya C:\Windows\Minidump, ambako Windows huacha kumbukumbu ndogo ya kila anguko. Majina ya makosa yanatofautiana: MEMORY_MANAGEMENT, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Hakuna draiva moja (programu ndogo inayoendesha kifaa) inayojirudia.

Hapa ndipo uzoefu unaposema. Faili lilelile la draiva likitajwa kila mara, naishika draiva. Sababu zikibadilika kila mara, naishuku RAM, kwa kuwa kila programu hupita humo na yoyote inaweza kuangukia pale palipoharibika.

Saa 4. Naweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nachomoa kipande kimoja cha RAM, naanza kupima kilichobaki. Hii inachukua saa kadhaa na haina njia ya mkato.

Saa 5. Mwalimu wa sekondari kaleta desktopu, nayo imepigwa Windows mpya. Yake haileti bluu hata kidogo, inakata tu kama umeme umeondoka. Ndani ya kumbukumbu za matukio kuna Kernel-Power 41. Watu huliona neno Power wakakimbilia kununua pawasaplai, kile kifaa cha kuipa mashine umeme. Tukio namba 41 linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Kilichoizima halikisemi.

Nafungua kava. Feni ya prosesa imevaa vumbi zito, mapezi ya bati la kupoozea hayaonekani. Naiwasha na kusoma joto: nyuzi 97 na haijaanza hata kazi ya maana. Windows mpya baada ya kuingizwa hushusha masasisho na kupanga orodha ya mafaili kwa muda mrefu, prosesa inafanya kazi bila kupumzika. Kwa hiyo joto lililokuwa likivumilika wakati wa kuandika alama za wanafunzi sasa linaizima mashine. Napiga blowa, nafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, napaka mpya. Inashuka hadi nyuzi 60 na kitu. Naiachia kazi nzito ikae nayo hadi jioni.

Saa 7 mchana. Wali maharage hapo hapo dukani, jicho kwenye kioo cha MemTest86. Kipande cha zamani kimemaliza bila kosa. Nabadilisha, naweka kile kipya kwenye sloti ileile. Hazijapita dakika kumi, mistari myekundu imejaa. Nasafisha pini zake, nakihamishia sloti ya pili: mekundu tena. Nakirudisha kile cha zamani kwenye sloti hiyo hiyo, kinapita. Basi sloti ni nzima, kipande kipya ndicho kibovu. Bila kubadilishana hivi ningeweza kuishuku mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na kumtisha mama bure.

Saa 9. Bado kuna jambo moja. Windows hii ilinakiliwa kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski kupitia RAM mbovu, kwa hiyo mafaili yake yenyewe hayaaminiki. Naendesha DISM, halafu sfc /scannow, amri za Windows za kukagua na kurekebisha mafaili yake. Kweli, yamekutwa mafaili yaliyoharibika na yamerekebishwa. Kama yangegoma, hapo ndipo ningepiga upya, nikiwa na sababu.

Saa 10 alasiri. Kijana wa chuo, mashine inaanguka kila akifungua programu ya kuchora ramani. Kosa ni VIDEO_TDR_FAILURE, yaani kadi ya grafiki imeacha kujibu, na faili la draiva ya kadi ya grafiki linajirudia kila anguko. Naiondoa draiva yote nikiwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), naweka toleo la mtengenezaji wa laptopu. Imetulia.

Saa 11. Mama karudi. Nimemwambia achape mwenyewe mbele yangu, mtihani mzima, kurasa na picha zake, huku muziki unapiga. Haikuanguka. Nimempa kile kipande kwenye mfuko wake pamoja na picha ya kioo chenye makosa, arudi navyo alikonunua akabadilishiwe. Nimemwambia wazi kwamba kwa sasa yuko na GB 4, itakuwa nzito akifungua vitu vingi, asihofu.

"Na ikirudia?"

"Usiizime, mama. Ipige picha kwa simu, nitumie, na uniambie ulikuwa unafanya nini wakati ule."