Nilivyookoa kaseti za marehemu baba

Baba aliacha kasha la mabati lenye santuri kumi na tisa na kaseti thelathini na moja. Nikaanza na santuri, maana nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za taarabu ya kikundi cha Black Star cha hapa Tanga, na ndizo nilizozionea shauku. Nilikosea. Santuri isipokunjwa na joto ina subira. Nilizisafisha kwa maji na sabuni kidogo, zikaimba na mikwaruzo yake. Tena zilitolewa nyingi, ikipotea yangu ipo ya mwingine. Kaseti ya harusi ya shangazi, 1984, iko moja tu.

Nilipoitia kwenye redio ililia kama bawaba yenye kutu, kisha ikasimama. Kile kisufi kinachosukuma utepe ugusane na hedi, yaani kichwa cha redio kinachosoma utepe, kilikuwa kimeng'oka. Nikatafuta kaseti nyingine inayofungwa kwa skrubu, nikaifungua, nikahamishia utepe humo. Ilikuwa ya dakika 90, ambazo utepe wake ni mwembamba kuliko za 60, na mkono ulinitetemeka. Hedi nikaisugua kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikaacha kutoka na kahawia. Mwisho nikazungusha ile skrubu ndogo ubavuni mwa hedi, kidogo kidogo, hadi fidla ikasikika vizuri.

Kaseti moja nilikuwa nimempa fundi mjini. Alinirudishia MP3 aliyoiita safi: mvumo umeisha, na udi umekwenda nao! Tangu hapo narekodi mwenyewe kwa WAV, faili lisilobana sauti kama MP3, biti 24, kHz 48, bila kupunguza chochote. Saa moja inakula kama giga moja. MP3 ni za kuwarushia ndugu kwenye WhatsApp tu.

Na dijitali nayo si ya kuaminiwa kibubusa. Flashi ilikufa miezi miwili baadaye bila hata kukohoa. Bahati nilikuwa na nakala kwenye diski. Sasa ya tatu iko kwa dada, Mombasa. Kaseti zenyewe sikutupa.

Shangazi alipoisikiliza aliuliza, "Mwanangu, mbona mwimbaji anaanza mara mbili?" Kweli, kabla ya sauti yake kuna kivuli chake, hafifu. Nikamweleza kuwa utepe ukikaa miaka umeviringwa, sauti huambukiza mzunguko wa jirani, na kwamba naweza kujaribu kukifuta.

"Kiache," akasema. "Rudisha nyuma, pale penye vigelegele vya mama."