Kumbukumbu ya mradi wangu: kuifufua injini na trela ya boti iliyolala miaka 3

Boti niliyoinunua ni ya faiba, ina urefu wa futi 16, na ilikaa juu ya trela yake chini ya mwembe hapa Tanga kwa miaka 3 bila kuguswa. Injini ni Yamaha Enduro ya nguvu ya farasi 40, ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Nimekusudia iingie baharini wakati wa kaskazi, lakini sikutaka kuvuta kamba ya kuwashia kabla ya kujua hali ya ndani. Nilitoa plagi, nikadondoshea oili kidogo kwenye silinda, nikalizungusha gurudumu la juu taratibu kwa mkono. Halikukwama, nami nikashukuru sana.

Habari mbaya ilitoka kwenye gia boksi. Nilipolegeza skrubu ya chini, oili iliyochuruzika ilikuwa kama chai ya maziwa, ishara kwamba maji yameingia. Nilipochomoa propela nikakuta mshipi wa nailoni umejisokota kwenye shafti, tabaka juu ya tabaka, hadi umekata mdomo wa sili ya mpira inayozuia maji kuingia. Nilikaa karibu nusu saa nikiutoa kipande kwa kipande kwa koleo jembamba. Nimebadilisha sili, kisha nikajaza oili mpya kupitia tundu la chini mpaka ikafurika tundu la juu, kwa maana ukijaza kutoka juu hewa hubaki ndani na utadhani imejaa kumbe bado.

Mabawa ya impela, yaani kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu ya kupozea injini, yalikuwa yamekakamaa yakiwa yamepinda upande mmoja, na nilipoyabonyeza hayakurudi. Nimeweka impela mpya. Kabureta nimeisafisha, na mipira ya petroli iliyopasuka nimeibadilisha.

Jumamosi niliitumbukiza injini kwenye pipa la lita 200 lenye maji ya bomba, nikatia nusu lita ya oili katika lita 25 za petroli mpya. Iliwaka nilipovuta mara ya 5. Hata hivyo, kijito cha maji ya kupozea kinachotoka kwenye injini kilikuwa kikidondoka tu, hivyo nikaizima papo hapo. Tundu lake lilikuwa limezibwa na chumvi iliyoganda. Nililizibua kwa waya mwembamba, na mara ya pili maji yakaruka kwa nguvu.

Trela nilidhani ni kazi ya jioni moja. Habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto ilikuwa ikikwaruza, na nilipoifungua nikakuta grisi imekuwa uji wa kahawia na beringi zimeliwa na kutu. Habu ikitoka barabarani huwa na moto. Ukiitumbukiza baharini hapo hapo, hewa iliyo ndani hupoa, husinyaa na kuvuta maji ya chumvi. Kuanzia sasa nitaiacha ipoe kwanza kabla ya kushusha boti. Matairi si vipara, ila kuta zake zimepasukapasuka kwa jua, na siwezi kuyaamini barabarani hata kwa kilomita chache, nitanunua mapya.

Zimebaki habu ya kulia na yubolti (bolti zenye umbo la U) mbili za springi zilizogoma kufunguka, ambazo tangu jana nimezilowesha mafuta ya taa. Zikikubali, boti nitaishusha bamvua lijalo, maji yakiwa yamejaa hadi karibu na njia.