Shokapu iliyokufa haipigi kelele

Madereva wengi hapa Unguja husubiri mpaka gari ianze kutoa mlio wa kugonga ndipo waulize habari ya shokapu. Desturi hiyo naipinga kwa moyo wote, kwa sababu shokapu inaweza kuwa imekwisha kazi kwa miezi mingi bila ya kutoa mlio wowote, huku mwenye gari akiendelea kupakia watoto wa skuli na kwenda nao shamba na mjini kila siku.

Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu ipo ili kuituliza springi hiyo: ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye valvu nyembamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Mafuta yakivuja au valvu zikilegea, springi hubaki ikicheza bila ya mzuiaji, na tairi hudundadunda juu ya lami badala ya kuishika. Kwa hiyo suala hili si la starehe ya abiria. Tairi lisiloshika barabara halisimami kwa breki hata kama breki ni mpya, na wakati wa masika, lami ikiwa na maji, hatari hiyo huongezeka maradufu. Tena uchakavu huu huja polepole mno, mkono wa dereva ukiuzoea kidogo kidogo, hata mwenye gari akawa mtu wa mwisho kuugundua. Ni vyema mara moja moja kumpa usukani ndugu ambaye hajaiendesha gari hiyo kwa muda mrefu, naye akasema anavyoiona.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote uko kwenye tairi. Gari ikiwa imesimama, pitisha kiganja taratibu juu ya meno ya tairi kulizunguka. Ukihisi mabonde na vilima vinavyofuatana, tairi hilo huenda limekuwa likidunda, na shokapu ndiyo ya kwanza kutazamwa, ingawa balansi mbovu ya magurudumu na bushi (mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari) zilizolegea nazo huweza kuacha alama kama hizo. Tairi lililolika ukingo mmoja tu kwa kawaida hulalamikia alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, na lililolika kingo zote mbili huwa limetembea na upepo mdogo. Baada ya hapo itazame gari barabarani. Ukifunga breki, je, pua inazama sana? Ukishavuka tuta, kama yale ya msitu wa Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, gari inatakiwa itulie mara moja. Ikiendelea kuitikia mara ya pili na ya tatu, shokapu zimechoka. Kwenye kona na vilima vya Pemba dalili huonekana mapema zaidi, kwani gari hulala upande na kuchelewa kuinuka.

Lile jaribio la kukandamiza pembe ya gari kwa mikono na kuiachia ni la kweli kwa upande mmoja tu: gari ikidunda zaidi ya mara moja, shokapu imehukumiwa, lakini ikitulia usiihesabu kuwa nzima kwa hilo peke yake. Ingia chini na tochi. Unyevu mdogo ulioshika vumbi si ugonjwa, ila mafuta yanayotiririka kwenye mwili wa shokapu hayana mjadala. Kwa gari zinazolala ufukweni, Paje au Jambiani, chunguza pia fimbo yake inayong'aa, maana chumvi huitia kutu, na vishimo vya kutu hukwangua sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, mpaka ikaachia mafuta. Na kama malalamiko ni mlio wa kugonga tu, kagua kwanza linki za stabilaiza (vifimbo vya ile nondo inayozuia gari kulala upande), bushi na boljointi (viungo vya duara vya kwenye gurudumu).

Wakati wa kununua, nunua jozi: mbili za mbele au mbili za nyuma, kwa kuwa mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huifanya gari isiwe na mwenendo mmoja inapofunga breki. Shokapu zilizotumika sizishauri kabisa. Zikifutwa kwa petroli hung'aa kama mpya, na hali ya valvu zake haionekani kwa macho. Mauntingi ya juu (kikalio kinachoishika shokapu kwenye bodi), mpira wa kuzuia kugonga na kava la vumbi navyo vibadilishwe hapo hapo, kwani kazi ya kufungua ni ile ile.

Shokapu za nyuma za gari kama IST au Noah husimama peke yake, mbali na springi, na kazi yake si ngumu. Za mbele zimevaa springi, na hapo ndipo ninapomsihi kila mtu awe mwangalifu. Nati za pembeni zinazoifunga mauntingi kwenye bodi hufunguliwa ili kuitoa shokapu nzima, lakini nati ya katikati haiguswi kamwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake maalumu, pande mbili zinazokabiliana, mpaka ilegee kwenye vikalio vyake. Springi ikiachiwa ghafla huruka kwa nguvu ya kuvunja taya au kuua. Fundi anayetaka kuifunga kwa waya au kamba, mwambie aache, kisha ipeleke gari kwa mwenye kifaa. Gari nayo isimame juu ya stendi, si jeki peke yake, na fimbo mpya isishikwe kwa plaisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja huimaliza sili.

Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kabisa gari ikiwa imeshashuka na kukanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejipinda na kukatika mapema. Kwa shokapu za mbele, alaimenti ifanyike kabla ya safari ndefu, kwa kuwa zile bolti mbili za chini, zinazoishika shokapu upande wa gurudumu, zikishalegezwa pembe ya gurudumu huweza kubadilika, na tairi jipya likaanza kulika upande.